Halima Hakutajwa

Shuleni Tabora tulikariri majina ya Susi na Chuma, walioongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo mwaka 1873, ukapita hapa Unyanyembe, ukafika Bagamoyo Februari 1874. Halima, mpishi wake, hatukutajiwa. Naye alitembea njia ile ile, na kazi ya mpishi huanza wenzake wanapotua mizigo. Horace Waller, aliyehariri shajara za marehemu, alisikitika kwamba utumishi mrefu wa mama huyo haukupata malipo.

Nyumbani tulirudi shamba sote. Baba akaketi barazani, mama akainamia mafiga. Mwalimu aliponiuliza kazi ya mama, nilijibu, “Hana kazi.” Leo nikipita Kwihara jibu lile hunitia haya.