Merikani Katika Soko la Unguja

Katika mwaka 1833, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alipofunga mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, ulioweka ushuru wa bidhaa za Wamarekani kuwa 5 kwa mia, wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, walikuwa wageni wasio na dola wala ngome katika bahari iliyozoea tangu kale nguo za Bara Hindi. Tegemeo lao kubwa lilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kizito na madhubuti, ambacho mpagazi alikichukua mtumba begani hadi Unyamwezi, huko bara, na huko kikawa vazi na tena thamani ya kununulia pembe za ndovu. Balozi wao wa kwanza, Richard Waters, aliyewasili mwaka 1837, hakushindana na wenyeji wa soko, bali alishirikiana na Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Unguja na kuwa na itibari kubwa mjini. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza pamba, nguo za Uingereza na Bombay zikapata mwanya. Basi mgeni hupata soko kwa bidhaa imara na mshirika mwaminifu, na hulihifadhi kwa kutokatiza shehena yake.