Shamba Lililonunuliwa Wakati wa Vita



Wengi wenu mmekwisha kusafiri kwa gari kutoka Kitale kwenda Webuye na Bungoma. Mkipita Kiminini na Kamukuywa, mlima Elgon, ambao ndugu zetu Wabukusu huuita Masaba, uko upande wa kuume. Asubuhi, ukiutazama toka barabarani, ni mlima mtulivu. Leo twataka kuongea habari za miaka ambayo haukuwa na utulivu, na za swali ambalo wengi wetu tuliuliza siku zile, wengine kwa sauti na wengine moyoni: Mungu yuko wapi?

Jambo lenyewe ni ardhi, nalo ni la zamani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwapa walowezi wa Kizungu nchi tambarare ya Trans-Nzoia. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Wenyeji waliokuwa wakichunga ng'ombe huko, wengine wakasukumwa mlimani, wengine wakabaki kuwa vibarua. Halafu, mwaka 1968, nchi ya juu ya Chepkitale ikatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na watu wa Mosop walioishi huko wakaambiwa washuke. Mwaka 1971 walianza kupewa mashamba Chepyuk. Lakini ndugu zao wa Soy nao waliitaka Chepyuk. Mashamba yakapimwa, yakapimwa tena, yakagawanywa upya, na kila safari mtu aliyekuwa na shamba jana aliamka hana kitu.

Mwishoni mwa mwaka 1991 na katika 1992 damu ilimwagika Bungoma na Trans-Nzoia, na jamaa nyingi zilikimbia mashamba yao. Mwaka 2006 mambo yakawa mabaya zaidi. Vijana wa kundi lililojulikana kwa herufi SLDF walishika bunduki. Watu zaidi ya 600 waliuawa, wengine walikatwa masikio, na maelfu kwa maelfu walihama. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi, katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Bunduki za vijana zilinyamaza, lakini wanaume zaidi ya 3,000 walikamatwa, wengi wakateswa, na wako ambao hawakurudi nyumbani mpaka leo.

Sasa fungueni pamoja nasi kitabu cha nabii Yeremia, mlango wa 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji wa Yerusalemu. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Hapo ndipo anapokuja Hanameli, mwana wa mjomba wake, na habari ya shamba lililoko Anathothi: lako kulikomboa, basi linunue. Mtu wa akili za sokoni angecheka. Nani hununua shamba ambalo adui amekwisha kulikanyaga? Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi, akaita mashahidi, na Baruku akaziweka hati katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Angalieni, ndugu: Mungu alipomjia mtumishi wake kifungoni hakumwambia habari za mbinguni. Alimwambia habari za shamba, bei, mashahidi na hati. Tena, Yeremia alipokwisha kutii, ndipo alipouliza. Aliomba akasema, kwa maneno yetu, Bwana, mji unaanguka mbele ya macho yangu, nawe waniambia ninunue shamba? Mungu hakumkemea kwa swali hilo. Sisi wahubiri tuna haraka mno ya kukimbilia Warumi 8:28 mbele ya mtu aliyepoteza mume na shamba kwa siku moja. Mlango huu watufundisha kuketi naye kwanza.

Na tuseme kweli, kanisa halikuketi mapema. Tuliomba kila watu kwa lugha yao na kwa ukoo wao, na wengine wetu tulijua nani ana bunduki tukanyamaza. Lakini Januari 2008, nchi ilipokuwa ikiwaka moto baada ya uchaguzi, viongozi wa Kanisa la Marafiki walikutana Kakamega, wakaunda vikundi vya amani. Baadaye vikundi hivyo vilipanda Mlima Elgon, vikawakalisha pamoja watu waliokuwa wakiogopana. Haikuwa kazi ya siku moja. Kusikia jirani akitaja jina la ndugu yako aliyeuawa ni kazi nzito kuliko kuhubiri.

Walioanza kurudi Chepyuk walilima kabla ya kuwa na hakika ya hati. Walipanda mahindi karibu na nyumba zilizochomwa. Twaona Anathothi hapo, ingawa hawakuwa na Baruku wa kuwaandikia.

Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kusikiliza watu wa mlimani, na wanawake walisimama wakauliza waume zao wako wapi. Mwaka 2022 mahakama ya ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii ya Waogiek. Tangu 1968 ni miaka 54. Wako waliofukuzwa wakiwa vijana wakaisikia hukumu hiyo wakiwa wazee, na wako waliokwisha kuzikwa ugenini. Yeremia naye hakulima shamba lake. Alichukuliwa Misri pamoja na wakimbizi. Hati ilibaki ndani ya chombo.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wawajua waliochukuliwa mwaka 2008, kila mmoja kwa jina lake na mahali alipolala. Uwe pamoja na mama ambaye bado anakiweka kitambulisho cha mumewe sandukuni. Uwakumbuke vijana walioshika bunduki na sasa wanaishi kijiji kimoja na wale waliowaumiza. Na hati zile zilizo katika udongo, Bwana, uzitunze. Amina.