Kutoka Songo Songo hadi buti la teksi

Mwaka 1974 kampuni ya Agip ya Italia ilichoronga kisima katika Songo Songo, kisiwa kidogo cha wavuvi wilayani Kilwa, ikakuta gesi. Waitaliano walikuwa wakitafuta mafuta. Gesi ya mahali pasipo na bomba wala kiwanda cha kuipokea haikuwa na mnunuzi, kwa hiyo wakafungasha vyombo vyao.

Mtu anayefungiwa mfumo wa gesi katika gari lake leo jijini Dar es Salaam anaendesha juu ya historia hiyo. Anauliza swali linaloulizwa kila siku kwenye vijiwe vya teksi: je, inalipa? Jibu lake limechukua zaidi ya miaka 40 kufika mjini, na hadi sasa si jibu moja kwa kila mtu.

Tuanze na uchungu wa tarehe zenyewe. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilipandisha bei ya mafuta ghafla duniani, na Tanzania, iliyokuwa ikinunua kila pipa nje, iliumia vibaya. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966 na kilichokuwa mali ya ubia wa serikali na Waitaliano wale wale, kilisafisha mafuta ghafi yaliyoletwa kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizo zilipokauka, petroli ikawa bidhaa ya kusakwa. Watu wazima wa Dar es Salaam wanakumbuka amri iliyozuia magari binafsi kutembea kuanzia saa nane mchana kila Jumapili. Barabara zilitulia kama siku ya msiba. Na wakati huo wote, kusini mwa jiji, ng'ambo ya mkondo wa bahari kutoka Somanga ya bara, nishati ya nchi ilikuwa imelala chini ya mchanga.

Ilikuwa bahati mbaya, kwa sababu Agip ilijua vizuri kabisa kwamba gari linaweza kuendeshwa kwa gesi. Kwao Italia, mwaka 1944, kampuni hiyo ilikuwa imekuta gesi huko Caviaga, katika bonde la mto Po. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, Enrico Mattei alipewa kazi ya kuivunja Agip. Akakataa, akaifufua, na akatandaza mabomba ya gesi kaskazini yote ya Italia, kabla ya kufa kwa ajali ya ndege Oktoba 1962. Bomba lilipopita, fundi alifuata. Mwaka 1954 Renzo Landi alifungua karakana katika mji wa Reggio Emilia kutengeneza vifaa vya kugeuza magari ya petroli yatumie gesi, na jina la Landi Renzo bado linasomeka kwenye vifaa vya aina hiyo duniani. Waitaliano walitumia gesi za aina mbili. Methani ya visimani waliigandamiza kwenye mitungi mizito. LPG, yaani propani na butani, ile ile ya jikoni, waliijaza ikiwa kimiminika.

Tofauti ya gesi hizo mbili ndiyo inayoamua mambo mengi, na inafaa kuelezwa taratibu. Propani na butani hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo, wa bar chache tu, ndiyo maana mtungi wa jikoni ni mwepesi na mama anaweza kuubeba. Methani haikubali hivyo. Ili iwe kimiminika ni lazima ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Gari haliwezi kubeba friji ya namna hiyo, kwa hiyo methani hushindiliwa kwa nguvu ya bar 200 katika mtungi wa chuma kinene. Hiyo ndiyo CNG. Nairobi, ambako hakuna bomba la gesi asilia, madereva wanaogeukia gesi huelekea LPG. Dar es Salaam, ambayo LPG yake huja kwa meli lakini methani inatoka nyumbani, imechagua njia ya pili.

Bomba lenyewe lilichelewa. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lililoundwa mwaka 1969, liliendelea kuchoronga visima Songo Songo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukapangwa mradi wa kiwanda cha mbolea ya amonia Kilwa, haukufika popote. Katika miaka ya 1990, wakati mradi wa kuleta gesi hiyo mjini unajadiliwa, serikali ilisaini mkataba na kampuni ya IPTL wa umeme wa mafuta mazito, na gesi ikasogezwa nyuma tena. Ni mwaka 2004 tu ndipo gesi ilipofika Ubungo, jijini Dar es Salaam, kwa bomba la kilomita 232: kilomita 25 chini ya bahari, zilizobaki nchi kavu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzungusha mitambo ya umeme na kuchoma klinka ya saruji kule Wazo. Magari yalikuja baadaye sana, yakila makombo ya mezani.

Hata hivyo yalikuja. Kituo cha kwanza cha kujaza kilikuwa pale pale Ubungo, bomba lilipoishia. Kwa miaka mingi wateja walikuwa wachache, wengi wakidhani kukaa na mtungi wa gesi nyuma ya kiti ni kukaa na bomu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ilikuwa miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kuwatoa watu hofu hiyo kwa vitendo, katika karakana yake ya kufunga mifumo ya gesi.

Kinachofanyika karakanani si uchawi. Fundi hafungui injini. Mtungi unafungwa kwenye buti kwa mikanda ya chuma. Bomba jembamba la chuma linapita chini ya sakafu hadi mbele. Hapo kinakaa kidhibiti kinachoshusha mgandamizo. Gesi inapopunguzwa nguvu ghafla hupoa kiasi cha kuweza kugandisha kifaa chenyewe, kwa hiyo maji ya moto ya rejeta yanazungushwa ndani yake kukipasha. Kisha zinatobolewa nafasi za nozeli ndogo za gesi, moja kwa kila silinda, na kompyuta ya pili inaunganishwa na ile ya gari. Mwisho ni swichi pembeni ya usukani, yenye taa ndogo zinazoonyesha gesi iliyobaki. Gari huwaka kwa petroli. Injini ikishapata joto, swichi inahamia gesi yenyewe, na dereva asiposikiliza kwa makini hajui kama imehama.

Sasa hesabu. Chukua Toyota IST ya teksi mtandao, inayokwenda kilomita 150 kwa siku na kula lita moja kwa kila kilomita 12. Petroli ikiwa shilingi 3,000, siku moja ni shilingi 37,500. Kilo moja ya CNG hufanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Tuseme lita 1.4 ili tusijidanganye. Dereva huyo anahitaji kilo 9, na kwa bei iliyozoeleka miaka ya karibuni ya shilingi 1,550 kwa kilo, anatoa shilingi 13,950. Anabaki na zaidi ya shilingi 23,000. Kufungiwa mfumo kwa karibu shilingi milioni 2 kunajirudisha kwa siku 85 za kazi. Agosti 2022, petroli ilipofika shilingi 3,410 Dar es Salaam, siku hizo zilikuwa pungufu zaidi, na haishangazi kwamba ni kipindi hicho watu walipoamka.

Mwenye gari la kwenda ofisini na kurudi, kilomita 24 kwa siku, anaokoa kama shilingi 3,800 tu. Atahitaji karibu mwaka mmoja na nusu wa kuendesha kila siku bila kukosa ili arudishe fedha yake, na hapo hajahesabu buti alilolipoteza. Mtungi wa lita 60 hubeba kilo 10 hivi za gesi, na chuma chake ni mzigo wa mtu mzima. Ndani ya IST unabakiza nafasi ya begi moja. Dereva anayepokea wageni uwanja wa ndege analijua tatizo hili kuliko mhandisi yeyote: abiria anatokea na masanduku matatu, buti linafunguliwa, na kuna mtungi mweupe umejilaza.

Mtu huyu wa ofisini anastahili kuambiwa ukweli kwamba kwake faida ni ndogo. Mwenye teksi, mwenye bajaji, mwenye gari la kusambaza mizigo, hao hawana sababu ya kusubiri.

Bajaji zenyewe zina ukoo wake katika habari hii. Julai 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mabasi, teksi na bajaji za Delhi zihamie CNG, kwa sababu moshi ulikuwa ukiua watu. Miaka michache iliyofuata jiji lile lilijaa foleni ndefu za kusubiri gesi, madereva wakilala ndani ya vyombo vyao, maana amri ilitangulia na pampu zikachelewa. Dar es Salaam haikuwa na amri ya mahakama, lakini foleni ilizaliwa ile ile. Huku mafundi ndio waliotangulia. Magari yaliongezeka kila wiki, na vituo vya jiji zima vikabaki vya kuhesabika kwa vidole. Bomba kubwa la kutoka Mtwara lilizinduliwa Oktoba 2015, likiwa limegharimu pia machozi ya watu wa Mtwara waliopinga mwaka 2013 gesi yao kuondoka kabla hawajaonja matunda yake. Baada ya hapo gesi haikuwa haba. Kilichokosekana ni kompresa na eneo la kuegesha.

Saa tatu zilizopotea foleni ni safari nne au tano ambazo teksi haikufanya. Ndiyo sehemu ya hesabu isiyoandikwa kwenye karatasi ya karakana, na ni serikali, si fundi, yenye uwezo wa kuifuta. Juni 2024 serikali ilipopendekeza ushuru wa shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, madereva walipiga kelele, na walikuwa na haki: kwa yule wa kilomita 150 ni zaidi ya shilingi 3,400 kila siku, akitozwa kwa kufuata ushauri aliopewa na serikali hiyo hiyo.

Mwaka 2025 TPDC ilifungua kituo mama katika barabara ya Sam Nujoma, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinajaza magari papo hapo, na kinashindilia gesi kwenye malori ya mitungi yanayoipeleka vituo visivyofikiwa na bomba. Kutoka hapo hadi Ubungo, gesi ya Songo Songo ilipofikia mwaka 2004, ni mwendo wa dakika chache kwa bajaji.