Mali Bila Daftari: Habari za Ukaguzi katika Ushirika na Elimu ya Kufichua Wizi wa Hesabu



Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi. Katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma habari za maghala, za kahawa na tangawizi, na za barabara zetu za milimani. Sisi tulio katika kazi ya ukatibu tumepewa kuandika juu ya jambo lisiloweza kupigwa picha, nalo ni hesabu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na historia ya ushirika katika nchi yetu imelithibitisha neno hilo zaidi ya mara moja.

Tena iko sababu ya karibu. Katika mkutano mkuu ujao litaletwa shauri la kutoa fedha za kumsomesha chuo kikuu kijana mmoja wa wanachama, ajifunze uhasibu wa uchunguzi, yaani elimu ya kufuatilia na kuthibitisha wizi uliofichwa ndani ya vitabu. Wako wanaosema kwamba fedha hizo ni afadhali ziongezwe katika malipo ya mazao. Hoja yao haifai kudharauliwa, maana fedha ni zao na jasho ni lao. Basi kabla ya mikono kuinuliwa, yafaa kila mmoja ajue tulikotoka.

MWANZO WA UKAGUZI

Ushirika wa namna yetu huhesabiwa kuanza mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, Uingereza, ambako watu 28, wakiwamo wafumaji wa nguo, walichanga akiba zao na kufungua duka lao wenyewe. Vitu vya kwanza dukani vilikuwa siagi, sukari, unga na vingine vichache. Lakini pamoja na vitu hivyo waliweka desturi moja iliyodumu kuliko duka: hesabu za chama zisomwe mbele ya wanachama mara kwa mara. Hawakuiweka kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuibiana. Waliiweka kwa kuwa walijua kwamba mtu mwaminifu naye huhitaji ushahidi wa uaminifu wake.

Kwa majirani zetu wa Kilimanjaro, wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Chama hicho kiliwatetea wakulima Waafrika wakati walowezi wengi hawakutaka kuwaona wakipanda kahawa. Lakini matatizo ya fedha na ugomvi na wakuu wa serikali vilikizidi nguvu. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Vyama vya Ushirika, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Sheria hiyo ilimpa Mrajisi kazi ya kukagua vitabu vya kila chama kilichoandikishwa, au kumtuma mtu avikague. Tangu hapo ukaguzi ukawa jambo la lazima. Lakini tuangalie vema: ulikuwa ukaguzi wa mkubwa anayetoka nje. Mwanachama aliambiwa kwamba vitabu vimekaguliwa, lakini si wengi waliofundishwa kuvisoma.

HESABU ISIYOONEKANA

Sisi wa Upare tunayo kumbukumbu yetu wenyewe juu ya hesabu isiyoonekana. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia ililetwa kodi ya mbiru, ambayo kila mtu alitakiwa kulipa kwa kadiri ya mali yake kama ilivyokisiwa na wakadiriaji. Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani, wakaja hapa Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Mapambano yaliendelea mpaka mwaka 1947, ndipo kodi ile ikaachwa.

Wazee wale hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kinachojulikana na wote. Walichokataa ni hesabu inayofanywa na mtu mwingine juu ya mali yao, kwa kipimo wasichokijua. Jambo hilo halikuwa la ushirika, wala hatudai kwamba kila mkadiriaji alikuwa mwizi. Lakini fundisho lake latufaa sana: mahali ambapo mwenye mali haoni namna hesabu ilivyopatikana, hata hesabu ya haki huleta ugomvi.

ZAMA ZA KUPANUKA NA ZAMA ZA KUVUNJWA

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 vyama vya ushirika viliongezeka mno katika muda mfupi. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963 ili kuwafunza makatibu na watunza hesabu, lakini vyama viliongezeka kuliko watu wenye elimu hiyo. Manung'uniko ya wakulima yakawa mengi, hata mwaka 1966 Rais akaunda Kamati Maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni kwamba wanachama hawakuelewa vya kutosha mambo ya vyama vyao, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na kwamba siasa iliingilia kazi za ushirika. Baadaye serikali ikaingilia kati uendeshaji wa baadhi ya vyama vikuu.

Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi, na upotevu wa fedha ulikuwa mojawapo. Wazee wetu wanaokumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa maana ya kungojea malipo ya mazao yaliyokwisha kuchukuliwa. Mwaka 1982 sheria mpya ilivirudisha vyama, na mwaka huohuo likaundwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO. Sheria ya mwaka 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Chuo cha Moshi nacho kilikua, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Hivyo tumepata sheria, mashirika na vyuo. Yafaa tujiulize ni kitu gani kinachobaki.

ELIMU YA UHASIBU WA UCHUNGUZI

Mkaguzi wa kawaida huuliza kama vitabu vinaonyesha hali ya kweli ya chama. Huchagua baadhi ya hati na kuzipima. Hawezi kusoma kila karatasi. Mchunguzi wa hesabu huanza mahali pengine. Huanza na shaka, kisha hufuata nyayo za shilingi moja baada ya nyingine, mpaka apate ushahidi unaoweza kusimama mbele ya hakimu.

Elimu hii ilipata umaarufu Marekani. Mwaka 1931 Al Capone, mkubwa wa wahalifu wa Chicago, alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Hakuhukumiwa kwa mauaji, bali kwa kukwepa kodi. Madaftari ya nyumba za kamari na maandishi ya makarani wake ndiyo yaliyomponza. Mwaka 1946 mhasibu Maurice Peloubet aliandika juu ya kazi hii na kuipa jina inalojulikana nalo katika lugha ya Kiingereza. Mwaka 1953 mtaalamu Donald Cressey alitoa kitabu baada ya kuzungumza na wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa. Alieleza kwamba mambo matatu hukutana: mtu huwa na shida asiyoweza kumwambia mwenzake, huona nafasi ya kuitatua kwa siri kwa kutumia fedha alizokabidhiwa, na hujipatia maneno ya kujituliza moyo, kama vile, "Naazima tu, nitarudisha baada ya mavuno." Mwaka 1988 wachunguzi wa udanganyifu wakaunda chama chao cha kitaaluma, na leo somo hili hufundishwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Hapa Tanzania mfano mkubwa ni ule wa akaunti ya madeni ya nje, EPA, iliyokuwa Benki Kuu. Baada ya shaka kutokea, kampuni ya Ernst & Young ilipewa kazi ya ukaguzi maalumu wa malipo ya mwaka wa fedha 2005/06. Mwezi Januari 2008 wananchi walitangaziwa kwamba zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa kwa makampuni 22, na kwamba 13 kati ya hayo yalipata zaidi ya bilioni 90 kwa nyaraka za kughushi. Ikiwa Benki Kuu yenye walinzi na wataalamu iliweza kuingiliwa, ghala la kijijini lenye karani mmoja na kufuli moja litasemaje?

NAMNA INAVYOHUSU MIZANI YETU

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mabenki. Sivyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mizani imechezewa ili ipunguze kilo moja katika kila gunia la kilo 50. Wakulima 100 wakileta magunia kumi kila mmoja, zimepatikana kilo 1,000 zisizo na mwenyewe. Kilo hizo haziwezi kubaki ghalani. Lazima ziandikwe kwa jina la mtu fulani ili zilipwe. Hapo ndipo huzaliwa mwanachama hewa, mwenye kahawa nyingi na asiye na shamba. Mchunguzi hatabishana na karani. Atalinganisha stakabadhi za wakulima na uzito uliopokelewa mtamboni Moshi, kisha atauliza shamba la mtu huyo liko mlima gani.

Iko pia hila ya kuziba pengo kwa pengo. Mtu huchukua fedha iliyoletwa na mwanachama wa leo, akaificha kwa fedha ya mwanachama wa kesho, na ya kesho akaifunika kwa ya keshokutwa. Mtu wa namna hiyo hachukui likizo wala hataki mwingine ashike daftari lake. Watu humsifu kwa bidii, na huenda bidii hiyo ndiyo dalili. Wanafunzi hufundishwa kuitambua kwa kulinganisha tarehe ya stakabadhi na tarehe ambayo fedha ilifika benki.

Hata tarakimu zenyewe husema. Mwaka 1938 Frank Benford alionyesha kwamba katika orodha nyingi za hesabu zinazotokea zenyewe, namba zinazoanza na 1 ni karibu 30 katika kila 100, na zinazoanza na 9 hazifiki 5. Mtu anayetunga malipo kichwani mwake kwa kawaida hajui kuifuata kanuni hiyo. Kanuni hii haimtii mtu hatiani, wala haifai kwa kila orodha; humwonyesha mchunguzi mahali pa kuanzia kuchimba.

Kijana atakayekwenda kusoma hana budi kuanza na uhasibu na ukaguzi wa kawaida, na kufaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Juu ya hayo atajifunza sheria ya ushahidi, namna ya kumhoji mtu bila kumwonea, na namna ya kulinda hati isiharibike kabla ya kufika mahakamani. Hilo la mwisho si dogo. Kesi huweza kushindwa, hata kama mwizi anajulikana, kwa sababu ya karatasi iliyopotea. Tena elimu hii humlinda asiye na hatia. Katika vyama vyetu karani huweza kuitwa mwizi kwa sababu tu amejenga nyumba ya bati. Mchunguzi wa kweli ataonyesha kama nyumba hiyo imetoka kwenye fedha za chama au kwenye tangawizi yake mwenyewe.

SHAURI LETU

Kwa hayo yote twaona kwamba inafaa kijana apelekwe, lakini kwa masharti. Kwanza, achaguliwe kwa sifa za masomo, wala si kwa ukoo wa kiongozi. Pili, aandikiane mkataba na chama kwamba atarudi kukitumikia. Tatu, taarifa zake ziende kwenye bodi na pia zisomwe katika mkutano mkuu, zisiishie katika meza ya mtu mmoja. Na kwa kuwa sisi sote huku milimani tu mjomba na mpwa, shemeji na mkwe, asiachiwe peke yake kazi ya kumpima mjomba wake. Wakaguzi wa kutoka nje waendelee kuja kama sheria inavyotaka.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mchunguzi huja baada ya mali kupotea, na fedha iliyokwisha kuliwa ni nadra kurudi yote. Anayekuwapo kabla ya wizi ni mwanachama, pale anaposimama mbele ya mizani. Aitazame mizani ikiwa tupu kabla ya gunia kuwekwa. Aitunze stakabadhi yake kama anavyoitunza hati ya shamba. Na siku ya mkutano mkuu asiridhike kusikia kwamba hesabu ni nzuri, bali aombe taarifa ya benki isomwe kando ya daftari la fedha, aone kama zinakubaliana.

Kamati ya mwaka 1966 ilikuta wanachama wasiovielewa vyama vyao. Sisi hatuna tena udhuru huo, maana watoto wetu wanasoma, na katika nyumba nyingi yupo anayejua kujumlisha na kutoa. Kwa hiyo twaviomba vyama vyote vya msingi vibandike mizania ya mwaka huu ukutani pa ghala, kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa, siku 14 kabla ya mkutano mkuu. Mwanachama aje na kalamu yake, aisome, aandike maswali yake. Ndipo apige kura juu ya shauri la kijana, akijua anachokinunua.