Mlango Mpya Usione Haya

Mtu aliyejenga nyumba ya mawe Unguja au Lamu katika karne ya 19 hakutaka mlango wake uonekane mzee. Alitaka mlango mpya, na alitaka kila apitaye njia auone upya wake. Mbao zilikuwa nzito, miimo ilijaa nakshi, na katika milango iliyofuata mtindo wa Kihindi vichwa vya shaba vilijipanga safu kwa safu kama askari kwenye gwaride. Juu, kwenye kizingiti, fundi alichonga aya ya Kurani, na mara nyingine mwaka wa Hijria ambao kazi ilikamilika. Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipojenga Beit-al-Ajaib mwaka 1883, milango mikubwa ya kuchonga ilikuwa sehemu ya fahari ya jumba hilo. Ndani ya nyumba za kawaida za watu wenye uwezo, shaba ilisuguliwa kwa ndimu na majivu ing'ae, na mbao zilipakwa mafuta zisikauke. Waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda waliijua vizuri tabia ya binadamu. Leo mvuto huo umegeuzwa: kidonda ndicho kinyemi, na kipya hakitazamwi mpaka kwanza kijeruhiwe.

Majeraha hayo hutiwa kwa makusudi, na ufundi wake unajulikana popote panapouzwa samani. Ubao uliochongwa juzi hupigwa kwa mnyororo ili upate mabonde. Kingo zake hulainishwa kwa msasa. Siki iliyolowekwa vipande vya chuma hupakwa juu yake, nayo ikikutana na tanini iliyomo ndani ya mti huusawijisha kwa muda mfupi. Chai iliyokolea huufanya uwe wa kahawia. Shaba hulazwa katika chumvi na siki mpaka iote kutu ya kijani. Vitundu vya wadudu hutobolewa kwa keekee. Wachongaji wa vinyago wanaijua hila iliyo jirani na hii, ya mti mwepesi kupakwa rangi ya viatu ili uuzwe kama mpingo. Baada ya hapo kazi ya wiki chache huwekwa dukani, na mnunuzi huachwa aamini kwamba ina umri wa miaka mia.

Hoja yangu ni kwamba tunachokipenda katika kitu kilichochakaa ni ushahidi kiliobeba, na weusi au mikwaruzo ni maandishi tu ya ushahidi huo. Tazama mlango wa kale kwa karibu. Hauna bawaba. Kila ubawa una kigingi juu na chini, navyo huzunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa katika vizingiti. Kadiri miaka inavyokwenda, tundu la chini hupanuka, ubawa hushuka kidogo, na ncha yake huanza kuchora upinde juu ya kizingiti cha chini. Ubao hung'aa pale mkono unapofika kushika mnyororo, kisha mng'ao hufifia kadiri unavyopanda kule ambako hakuna mkono uliofika. Kizingiti huliwa zaidi katikati, mahali pa nyayo. Hata wadudu wana mantiki yao: njia zao ndani ya mti hupindapinda, ilhali keekee hunyooka. Kila alama ina sababu, na ukizifuata sababu hizo unamfikia mtu aliyeishi pale: urefu wake, njia yake, mzigo wake. Alama za mnyororo wa karakana hazimwelekei mtu yeyote. Zimetapakaa mahali mkono usipofika, kwa sababu aliyezitia hakuwa akiingia wala kutoka.

Kasha la njumu linatuonyesha hayo hayo kwa umbo dogo. Mengi ya makasha tunayoyaita ya Zanzibar yalitengenezwa India, yakavuka bahari kwa majahazi yaliyofuata pepo za msimu, na yakatunza nguo, vito na hati za familia. Ulimi wa shaba wa kufungia, uning'iniao mbele ya kasha, huyumba kila kifuniko kinapoinuliwa na kugonga ubao pale pale. Baada ya miaka mingi huacha mkwaruzo uliopinda kama mwezi mwandamo. Mkwaruzo ule ni hesabu ya mara ambazo mtu alifungua kasha kutafuta kitu. Hakuna njia ya mkato ya kuipata hesabu hiyo, kama isivyokuwapo njia ya mkato ya kupata kumbukumbu.

Sheria zetu zililitambua jambo hili mapema kuliko soko. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 iliingiza katika vitu vinavyolindwa mlango wa mbao au fremu yake iliyochongwa Tanganyika kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940. Kenya, katika sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, iliweka mpaka wa namna hiyo hiyo katika mwaka 1946. Vipengele hivyo havisemi lolote juu ya weusi wa mbao wala idadi ya nyufa. Vinauliza mlango ulichongwa lini. Kutokana na hapo mnunuzi wa kigeni anakabiliwa na swali zito. Mlango anaouziwa, kama ni wa kale kweli, haupaswi kuvushwa nje bila kibali. Na ukivushwa kirahisi kama kiti cha dukani, basi ama sheria imevunjwa ama mnunuzi amedanganywa. Biashara ya ukale wa bandia inaishi katika kivuli kilicho baina ya mambo hayo mawili.

Wapo watakaosema kwamba ukale wa bandia unasaidia: kila mgeni anayeridhika na mlango wa kuigiza ni mlango mmoja wa kweli uliobaki Bagamoyo au Lamu. Hoja hii ina uzito, na nakubali nusu yake. Nakala huweza kuokoa asili, lakini kinachookoa ni nakala iliyojitangaza kuwa nakala. Anayeuziwa bandia kwa jina la asili anafundishwa kwamba milango ya kale inapatikana na inanunulika, na kesho atakuja mwenzake kuitafuta. Wengine watasema kwamba jicho likishindwa kutofautisha, hakuna kilichopotea. Lakini barua ya kughushi haigeuki kuwa ya kweli kwa sababu mwandiko umefanana. Msomaji aliyetaka habari za aliyeiandika bado hajazipata. Na hasara haiishii kwake. Bandia zikijaa, hata barua ya kweli huanza kutiliwa shaka.

Yupo pia mnunuzi asiyedanganywa, anayejua kwamba uchakavu ni wa karakana na anaupenda vivyo hivyo. Huyo hana kosa la uongo, lakini anapaswa kuuliza nani amelipia uchakavu wake. Mwaka 2009 Uturuki ilipiga marufuku kupausha suruali za jinzi kwa kuzipuliza mchanga, baada ya madaktari kugundua silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mchanga, miongoni mwa vijana waliofanya kazi hiyo. Suruali ilitoka kiwandani ikiwa imekwisha magoti, na aliyeimaliza alimalizika pumzi. Tofauti na hapo, meza iliyoundwa kwa mbao za jahazi lililostaafu ina mashimo ya misumari na tabaka za rangi zilizopatikana kihalali baharini. Muuzaji akisema wazi kwamba meza ni mpya na mbao ni za chombo, kila alama inabaki na mwenyewe, na mnunuzi anapata vitu viwili vya kweli badala ya kimoja cha uongo.

Anayeumizwa zaidi na mtindo huu, kwa maoni yangu, ni fundi aliye hai. Uchongaji haujafa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na katika miji yote miwili bado nyundo inagonga patasi. Kijana hujifunza maua na minyororo ya nakshi kwa kuiga kazi za waliomtangulia, na kuiga huko si aibu, ndiyo njia ambayo kila fundi amepitia. Kurithi nakshi ni jambo moja, kughushi makovu ni jambo jingine. Katika la kwanza fundi anajiunga na ukoo. Katika la pili analipwa ili afute dalili kwamba aliwahi kuwapo. Makali ya patasi yake, ambayo ndiyo sahihi yake, yanasagwa kwa msasa. Sifa anapewa fundi wa zamani ambaye hakuwahi kuwapo, na kizazi kijacho kikija kuuliza nani alichonga wakati wetu, hakitaona jina wala mwaka.

Dawa ya jambo hili ipo juu ya milango yenyewe. Waliochonga mwaka wa Hijria kwenye kizingiti walikuwa wakiutangazia mtaa kwamba kazi hii imezaliwa mwaka huu. Leo tunaiita ya kale kwa sababu wao hawakuona haya kuwa wapya. Fundi wa leo naye achonge mwaka wake, na mteja amlipe kwa ajili ya huo mwaka, kisha mlango utiwe mahali pake na ufunguliwe kila alfajiri. Upinde kwenye kizingiti cha chini utachorwa na ubawa wenyewe.