Chambo kisicholiwa

Nchini Marekani, mwindaji wa mabata bukini wa mwituni hupanga mabata ya plastiki shambani kabla ya mapambazuko. Huacha uwazi katikati, kwa kuwa ndege hawa hutua wakikabili upepo. Walio angani wakidhani wenzao wanakula kwa amani, hushuka.

Tuliiteje bata hilo? Wengi watajibu upesi: chambo. Mimi nakataa. Chambo huliwa, kama dagaa kwenye ndoana au mtama kwenye mtego. Na hapa tofauti ina uzito, maana mwaka 1935 Marekani ilipiga marufuku kuwavuta ndege wa majini kwa nafaka, pamoja na kutumia bata hai. La kuchonga au la plastiki likabaki halali. Ukiviita vyote chambo, sheria hiyo haieleweki.

“Sanamu” lingefaa, ila mashambani kwetu sanamu hufukuza ndege. Nachagua “bata bandia”.

Lakini kwa mtu anayetumwa kumnasa mla rushwa, “chambo” limeshazoeleka, na sina ugomvi nalo.