Selim Bey na Maagano ya Kampala

Msikiti mkuu wa Uganda umesimama juu ya kilima cha Kampala ya Kale, pale pale alipopiga kambi Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza mwezi wa Desemba 1890. Wengi wapandao huko kwa sala ya Ijumaa hawajui habari za askari mzee, Mwislamu, aliyevunjiwa heshima mwaka 1893 kwa sababu ya neno alilowapa wazee wetu.

Selim Bey alikuwa afisa wa jeshi la Misri chini ya Emin Pasha. Watu wa Mahdi walipolishambulia boma la Dufile mwaka 1888, ushujaa wake ndio uliolinusuru. Emin alipoondoka na Stanley mwaka uliofuata, Selim na askari wake walibaki, hata wakakutwa Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert. Lugard alipowaendea Septemba 1891 kuwaomba msaada, mzee hakukubali upesi: yeye ni askari wa Khedivi, wala hawezi kuingia utumishi mwingine pasipo idhini yake. Maagano yakafanywa kwa sharti hilo.

Baada ya vita vya Mengo vya Januari 1892, ilibaki kazi ya kupatana na Waislamu wa Buganda, waliokuwa pamoja na Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa. Watu hao walikuwa na sababu nyingi za kutowaamini Wazungu. Basi akatumwa Selim, Mwislamu mwenzao. Mbogo akaja Kampala kwa amani, na watu wake wakapewa Butambala, Gomba na Busuju.

Aprili 1893 Sir Gerald Portal alipandisha bendera ya Uingereza mahali pa ile ya Kampuni, kisha akaondoka, akamwachia nchi Kapteni Macdonald. Waislamu waliona sehemu yao ni ndogo, wakadai nyingine, tena wakakataa kazi za shuruti. Ilipovuma habari ya vita mwezi wa Juni, Selim, naye mgonjwa sana, alimjulisha Macdonald kwamba hatakubali watu wa Mbogo wapigwe.

Haki isemwe: afisa achaguaye vita vyake ni hatari kwa serikali yo yote, na Macdonald hakuogopa bure. Lakini Selim alikuwa na neno lake kwa Mbogo. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 3, inampa kila raia haki na wajibu wa kuitetea. Mwaka 1893 hapakuwa na katiba, palikuwa na maagano tu, na yeye alikuwa mmoja wa waliosababisha yaaminiwe. Angewapigaje risasi wale aliowaleta mwenyewe?

Tarehe 18 Juni Wasudani wa Kampala walinyang'anywa silaha, pasipo damu kumwagika. Selim alihukumiwa kuwa mwasi, akapelekwa pwani hali yu mahututi, akafa njiani, Naivasha, mwezi wa Agosti. Lugard mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka huo, alililaumu jambo hilo waziwazi.

Waislamu walishindwa vitani, wakaachiwa Butambala peke yake. Mbogo alihamishiwa Unguja, akarudi mwaka 1895. Mkataba wa 1900, ambao naye aliutia mkono, ulimwekea paundi 250 kwa mwaka, kwa sharti asidai kiti cha Kabaka.